Ubao wa Inchi Moja

Muuza silaha aliniomba mkono.
Si wa salamu. Wa kupima.
Akaulaza chali juu ya kioo cha kaunta,
kama fundi viatu anavyolaza soli,
akahesabu: gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho.
Cha shahada hakipo.
Kilibaki Mafinga, kwenye msumeno wa mviringo,
siku mkanda ulipokatika na mimi nikiharakisha oda ya watu wa Makambako.

"Utafyatua na cha kati," akasema Ngwale.
"Tuanzie hapo, mama. Wanaume wa hapa Mbeya
wakiingia huniuliza ipi yaangusha nyati.
Nami huwauliza: nyati anaishi mtaa gani?"

Akazipanga risasi kwa kimo, kama watoto mstarini.
Hii thelathini na mbili, nyembamba, hairushi mkono.
Hii thelathini na nane, ya bastola ya kuzunguka;
moja ikigoma, unavuta tena, hukuna kichwa.
Hii milimita tisa, kumi na tano tumboni mwa bastola,
ila kuikoki kwataka mkono mzima,
na wako, samahani, umepungua.
Na hili nene, kama betri ya tochi, namba kumi na mbili, marisau:
"Bega litakukumbusha hadi Jumapili ijayo."

Mimi ni mtu wa mbao.
Mbili kwa nne, sita kwa moja, najua hata gizani kwa kupapasa.
Nikauliza swali la kazi yangu:
Ubao wa paina, inchi moja. Inapita?
"Zote."
Mbao mbili, katikati hewa?
"Zote, mama. Marisau madogo pengine yachoke kwenye wa pili.
Pengine."
Na tofali la kuchoma?
Akalamba mdomo uliopasuliwa na baridi ya Juni.
"Aa. Tofali ni habari nyingine."

Hakuniuliza kwa nini.
Nyumba yangu yote ni paina, niliipasua mwenyewe, niliipiga randa.
Jumamosi ile ya kulipa vibarua waligonga kwa shina la mlingoti,
ukungu umekaa uani kama ng'ombe asiyetaka kuondoka,
wakamkata Chengula bega, mlinzi wangu, mtu wa kucheka.
Nilisimama sebuleni na nyundo.
Mlangoni wao; nyuma ya mlango, Chengula chini;
kushoto kwangu, ubao, inchi moja,
na ng'ambo ya ubao Twilumba, miaka sita, blanketi usoni.
Walichukua mshahara wa watu kumi na wanane.
Nyundo haikwenda popote.

Kwa hiyo nilichagua kwa mkono na kwa ukuta.
Thelathini na nane, nikasema. Ile isiyokuna kichwa.
Ngwale akaandika karatasi, akanirudisha kwa wenye mihuri:
mtendaji wa mtaa, kamati, polisi wa wilaya,
picha ndogo nne, masikio yote yaonekane.
Afisa akanikamata vidole kwa wino, kimoja kimoja.
Alipofika pale, akainua kalamu, akaandika: *hakipo*.
Akauliza, "Sasa huyu atafyatuaje?"
Nikamwambia, afande, muulize aliyekata mbao za meza yako.

Kibali hakijatoka. Mwezi wa nne sasa.
Chengula amerudi kazini, bega moja liko chini ya jingine,
na hacheki akiona mlingoti.

Lakini jioni ile ile niliyotoka Mbeya,
kabla ya kuvua koti, nilivuta kitanda cha Twilumba
kikakwaruza sakafu nzima hadi jikoni,
nyuma ya dohani, palipo na tofali peke yake nyumbani mwangu.
Safu mbili, udongo wa Ifunda, zimeungua vizuri.
Nikazigonga kwa kiungo cha kati. Zikajibu *ko*.

"Mbona nahamia kwenye moshi?" akauliza.
Nikamwambia kule kuna upepo.
Akapeleka kiganja kwenye ufa wa ubao wa chumba chake cha zamani,
akakiacha hapo, kwa muda mrefu,
akiutafuta.